Akiondoka, Kwaya Inabaki na Nini?

Usiku wa Mkesha wa Pasaka, mwaka juzi, tuliimba Utukufu bila kinanda. Kinanda kilikuwepo, tena kizima. Mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ilikuwepo, spika zilikuwepo, umeme ulikuwepo. Vyote vilikuwa ndani ya kabati la chuma pembeni mwa jukwaa la kwaya, kabati lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa fundi mitambo tuliyekuwa tukimlipa kila mwezi. Simu yake haikupatikana tangu saa kumi jioni.

Anayeujua Mkesha anaelewa uzito wake. Tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu vyombo havipigwi ila kusindikiza uimbaji tu. Usiku ule watu wanaingia kanisani kutoka kwenye moto wa nje, Mbiu ya Pasaka inaimbwa kwa mwanga wa mishumaa, masomo yanapita moja baada ya jingine, halafu Padre anaanzisha Utukufu na vyote vinaamka kwa pamoja: kengele, taa, vigelegele, ngoma, kinanda. Sisi tulikuwa na kengele, vigelegele na ngoma mbili. Mwalimu wetu wa kwaya aliitafuta Do, noti ya kuanzia wimbo, kwa koo lake, akaipata juu mno, na soprano walipofika kwenye "peke yako Mkuu" sauti zikakatika. Mvua ya masika ilikuwa inapiga bati. Waumini waliokaa nyuma waliniambia asubuhi yake kwamba hata Injili hawakuisikia.

Mimi ni katibu wa kwaya hiyo, naimba sauti ya pili. Mkataba wa fundi yule niliuandika mimi, na humo ndani hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema ufunguo wa akiba ukae kwa nani.

Kwaya ya parokia hapa Mwanza inanunua huduma nyingi kuliko muumini wa kawaida anavyofikiri. Fundi wa mitambo, fundi wa kinanda, mwalimu wa kupiga kinanda, studio ya kurekodi, mpiga picha za video, mshonaji wa sare, gari la kwenda uinjilishaji, steshenari ya kutoa nakala za nota. Fedha yenyewe ni michango ya wanakwaya, wengi wao mama ntilie, bodaboda, wauza dagaa wa Kirumba na wanafunzi wa chuo. Kwa miaka mingi kamati ilipokaa kuchagua mtu, swali letu lilikuwa bei tu. Nani anafanya kwa nafuu? Baada ya Mkesha ule, mama mlezi wa kwaya, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alisikiliza lawama zetu zote hadi zikaisha, kisha akauliza: "Huyu mtu akiondoka kesho, sisi tunabaki na nini?"

Hakuna aliyejibu. Tangu siku ile hilo ndilo swali tunaloanza nalo, kwa kila anayekuja kutafuta kazi kwetu.

Nianze na mitambo, maana hapo ndipo fedha nyingi inapopotea. Tulitafuta fundi mpya na wakajitokeza watatu. Wa kwanza alitutajia bei kwenye simu: spika nne zaidi, amplifaya kubwa zaidi, maiki nane za kwaya. Wa pili alikuja Jumanne, kanisa tupu, akapima kuta kwa macho, akatuletea orodha inayofanana na ya mwenzake. Wa tatu alikuja Misa ya pili Jumapili, hakujitambulisha kwa mtu, akakaa benchi la mwisho hadi baraka. Misa ilipoisha akasogea mbele, akaniamkia, akaniuliza: "Mama Katibu, kwa nini mna spika pale nyuma?"

Nikamjibu tuliziweka ili watu wa nyuma wasikie. Akaomba tumsubirie watu watoke. Kanisa lilipobaki tupu akasimama katikati, akapiga kofi moja, akanyanyua kidole ili tunyamaze. Kofi lile lilizunguka kwenye kuta, likapanda kwenye bati, likarudi kwenye vigae vya sakafu, likachelewa kufa. Nimesali mle miaka 17 na sikuwahi kulisikia kanisa langu namna ile.

Aliyotueleza nayaandika hapa kwa faida ya kwaya nyingine, kwa sababu kama tungeyajua mapema tusingenunua spika zile kabisa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde moja. Kanisa letu lina urefu wa kama mita 34, kwa hiyo neno likitoka kwenye spika ya mbele linamfikia mtu wa mwisho baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Umeme kwenye waya haungoji kiasi hicho. Spika ya nyuma inatoa neno papo hapo, mtu analisikia kutoka karibu, kisha lile la mbele linamfikia likiwa limechelewa. Anasikia neno mara mbili, na la pili linaangukia juu ya neno linalofuata. Spika za nyuma zinafaa, lakini lazima zicheleweshwe kwa kifaa ili sauti yake itoke pale sauti ya mbele inapofika. Sisi tulikuwa tunaongeza spika tukidhani tunaongeza usikivu, kumbe tulikuwa tunamwaga maneno juu ya maneno.

Ndiyo maana alikuja Jumapili, sio Jumanne. Miili na nguo za watu hunyonya sauti. Kanisa lililojaa halilii kama kanisa tupu, na mtambo uliopimwa kwenye mabenchi matupu utakuwa mwingine kabisa siku ya Noeli.

Kuhusu maiki nane alitikisa kichwa. Kila unapozidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, mtambo unakaribia kupiga mluzi kwa desibeli 3, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo fundi analazimika kushusha sauti ya wote. Kwaya ya watu 40 inayoimba kwa pamoja ni chombo kimoja. Akashauri maiki mbili za kondensa, zile zinazohitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa, zisimame mbele ya kwaya juu kidogo ya vichwa. Na waimbaji wasimame karibu, maana umbali wa mtu na maiki ukipungua nusu sauti yake inapanda kwa desibeli 6, na hujagusa kitufe. "Kusogea ni bure," alisema.

Kwenye mikisa yetu kulikuwa na mvumo mzito ambao tuliuzoea hadi tukaacha kuusikia. Aliufuata kama anayefuata harufu ya waya unaoungua. Kinanda kilichomekwa ukuta wa kushoto, mikisa ukuta wa kulia, na njia mbili za ardhi zilikuwa zinakutana kupitia kebo ya sauti. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na mvumo ule ndio huo. Alivichomeka vyote kwenye chanzo kimoja, mvumo ukakoma. Kijana wetu mmoja akasema fundi wa zamani alikuwa anakata mguu wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Hapo fundi alibadilika uso. Akamshika kijana bega akamwambia, mdogo wangu, ule mguu ndio unaokuzuia usife umeshika maiki. Usiukate hata siku moja. Kwa mji wetu ambao umeme unapanda na kushuka, kanisa liko kilimani na radi za ziwa hili zinajulikana, lile neno lilinitosha kumchagua.

Lakini mkataba tuliufunga kwa sababu nyingine. Nilimuuliza swali la mama mlezi kama lilivyo. Akafikiri, akasema angependa kuwafundisha watu watatu wa kwaya, na angebandika ndani ya mlango wa kabati karatasi yenye mchoro wa kila waya unatoka wapi unaingia wapi, kwa Kiswahili. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya wale wawili. Mhasibu wetu alisita, na nilimwelewa. Tulipiga hesabu ya spika ambazo hatukununua, tukakuta tumebaki na akiba.

Kinanda kina hadithi yake. Chetu ni cha vibonyezo 61, cha kawaida, na kilikuwa na ugonjwa: vibonyezo vitatu katikati vilikuwa bubu na kimoja kilikuwa kinapiga kelele hata ukikigusa taratibu. Duka moja la mjini lilikikagua kwa dakika tano na kutuambia bodi imekufa, tununue kipya. Tulikaribia kuanza harambee.

Mwanakwaya wa besi akasema anamfahamu mzee mmoja anayefungua redio karibu na Makoroboi. Tukampelekea. Mzee alikilaza kinanda kifudifudi juu ya kanga, akamwambia kijana tuliyemtuma, "Wewe shika skrubu, uzipange kwa mstari kama ninavyozitoa." Ndani kulikuwa na vumbi, na vijidudu vya ziwani vilivyokauka kama pilipili manga. Wakazi wa Mwanza mnavijua, vile vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi na kufuata taa usiku. Mazoezi yetu ni ya usiku na taa yetu iko juu ya kinanda. Chini ya vibonyezo kuna mpira mrefu wenye vikombe vidogo vya kaboni. Kila kibonyezo kina viguso viwili, na kinanda hupima muda kati ya kimoja na cha pili ili kijue umepiga kwa nguvu kiasi gani. Kiguso kimoja kikichafuka, kinanda kinahesabu vibaya: ama kinanyamaza, ama kinapiga kelele. Mzee alisafisha kwa pamba na spiriti, akaacha vikauke, akamwachia kijana arudishe skrubu zote mwenyewe. Alichukua shilingi 40,000.

Kijana yule sasa ndiye anayesafisha kinanda kila baada ya miezi sita. Na tumekishonea kifuniko cha kitambaa kizito. Hicho kifuniko hakuna duka lililowahi kutuambia tukitafute.

Mwalimu wa kinanda tulimchagua kwa shida zaidi, na hapa nakiri nilikuwa upande usio sahihi kwa wiki mbili nzima. Mmoja wa waliokuja alikuwa anapiga vizuri mno. Vidole vyake vilikuwa vinatiririka, waumini walikuwa wanageuka kumtazama. Mimi nilimtaka. Mwalimu wa kwaya alikuwa kimya, kisha akamwomba apige wimbo ule ule bila kitufe kinachopandisha na kushusha ufunguo wa wimbo. Hakuweza. Alikuwa anapiga Do moja tu maisha yake yote, kazi nyingine anaiachia mashine. Si dhambi, na wapigaji wengi wazuri wanafanya hivyo. Ila asichokijua hawezi kukifundisha.

Wa pili alikuja na mkoba wa nota na kipande cha chuma chenye umbo la uma. Hakukaa kwenye kinanda kwanza. Aliomba kwaya isimame, akakigonga chuma chake gotini, akakiweka sikioni mwa dada mmoja wa alto, akamwambia aitoe sauti anayoisikia. Ilikuwa La, mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo cha ala za muziki karibu dunia nzima. Kutoka La ile akatufundisha kushuka hadi tufike kwenye Do ya wimbo wowote, kwa kuhesabu, bila kinanda. Sisi wa nota za herufi, do re mi tuliyoipokea kutoka kwa wamisionari, tuna bahati ambayo hatuitumii. Mfumo huu ulianzia Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich aliubuni na mchungaji John Curwen akauendeleza, na nia yao ilikuwa hii hii: mtu wa kawaida asiye na ala nyumbani aweze kuimba kutoka kwenye karatasi. Mwalimu yule aliposema hivyo niliukumbuka Mkesha, na mwalimu wetu akitafuta Do gizani kwa koo.

Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, na malipo yamegawanywa. Sehemu ya mwisho analipwa siku ambayo mwanafunzi wake mmoja atapiga Misa nzima ya Jumapili peke yake, mwalimu akiwa amekaa na waumini. Alicheka tulipomsomea, akasema hajawahi kuona mkataba wa namna hiyo, akatia sahihi.

Sare na gari sitazungumza sana. Mshonaji mwambieni awaachie vipimo vya kila mtu kwenye daftari la kwaya na mita kadhaa za kitambaa kile kile, maana wanakwaya wapya wanaingia na rangi ya dukani hairudi. Gari, angalia leseni, bima na matairi kabla ya bei. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lori la vyombo linavuka kwenda Sengerema bila kupanga foleni ya kivuko, na bei za zamani zilizokuwa na saa za kungoja ndani yake hazina sababu tena. Zijadilini upya.

Studio ndiyo iliyotuumiza moyo. Miaka kadhaa iliyopita tulirekodi nyimbo 11. Studio ilitufungulia chaneli ya YouTube, tukafurahi, tukawatumia ndugu zetu hadi Ukerewe na Geita. Chaneli ile ilifunguliwa kwa barua pepe ya studio. Tulipokosana juu ya malipo ya video, tuligundua kwamba hatuna nenosiri, hatuna faili za sauti, hatuna chochote isipokuwa simu zetu za kusikilizia nyimbo zetu wenyewe. Dada mmoja aliyeimba beti za wimbo wa saba alifariki mwaka uliofuata. Mama yake aliniomba ile sauti ya binti yake peke yake, bila vyombo, aiweke. Sikuwa nayo ya kumpa.

Kwa hiyo mkataba wa studio wa sasa una kurasa nne na sioni aibu kuusoma kwa sauti mbele ya mwenye studio. Kila sauti iliyorekodiwa inakabidhiwa kwetu kwenye faili lake, juu ya diski ya kwaya, kabla ya malipo ya mwisho. Chaneli inafunguliwa kwa barua pepe ya kwaya, na nenosiri linajulikana na viongozi wawili. Na kabla ya kuingia studio, mtunzi wa kila wimbo anaandikiwa barua. Hili la mwisho tulikuwa hatulifanyi kabisa. Tulidhani nota ikishazunguka kwenye simu ni mali ya Kanisa zima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Watunzi wetu wengi ni walimu, makatekista na wanachuo; barua tuliyomwandikia mmoja ilijibiwa siku hiyo hiyo, kwa furaha, na akatusahihishia kosa la nota kwenye teno ambalo tumekuwa tukiliimba kwa miaka.

Kuna huduma moja ambayo sikuifikiria kuwa huduma hadi tulipoikosa. Ngoma zetu zililegea. Unyevu wa ziwa unalainisha ngozi, na mpigaji wetu alikuwa anapiga zaidi ili apate sauti, ngozi ikachanika. Tulikwenda Kisesa kutafuta fundi wa ngoma, na kwa kuwa tulikuwa karibu tukapanda Bujora. Wengi wanaijua kama makumbusho ya Wasukuma. Mimi naiona zaidi kama mahali ambapo swali la mama mlezi lilishajibiwa zamani. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alifika pale miaka ya 1950, akakusanya ngoma, na pamoja na kikundi cha Bana Sesilia nyimbo za Misa zikatungwa kutoka kwenye tuni za Wasukuma wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuja kusema mwaka 1963, katika hati yake juu ya liturujia, kwamba muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Bujora walikuwa wameshaanza. Padre yule ameshafariki, ngoma zipo, na kila Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, wachezaji wanashindana mbele ya umati.

Fundi wa ngoma wa Kisesa alitufungia ngozi mpya. Akatuonyesha namna ya kuikaza kwa moto wa majani makavu, umbali gani, muda gani, na sauti gani uisikie ndipo uiondoe. Alitaka kila mmoja wetu apige kabla hajapokea fedha.

Mkesha wa mwaka huu umeme ulikatika wakati wa somo la tatu. Kwaya ilibaki gizani kama ilivyokuwa. Padre alipokaribia kuanzisha Utukufu nikasikia chuma kikigongwa gotini, na ile La ndogo ikapita kutoka sikio hadi sikio kwenye safu ya alto, mtu na mwenzake, kwa kuvumisha midomo imefungwa. Tulianza pale tulipotakiwa kuanza. Jenereta iliwaka kwenye ubeti wa kati, kinanda kikaingia, na kilikuwa kwenye ufunguo wetu.

Fundi wetu wa mitambo, ambaye mkataba wake uliisha Desemba, alikuwa amekuja kusali na mke wake na watoto. Alikaa benchi lile lile la mwisho. Jenereta ilipowaka maiki moja ilianza kupiga mluzi kidogo, nikamwona ananyanyuka nusu. Binti wa sauti ya kwanza, mmoja wa wale watatu, alikuwa ameshaishusha. Fundi akakaa, akamchukua mtoto aliyekuwa amelala begani kwa mkewe, akaendelea kuimba.